Darasani Waliniita Mmiliki

Bweni la wasichana
3 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nimefika, sanduku limefika, ila kile kikombe ulichokiviringisha kwenye taulo kimekatika mkono. Nakinywea chai hivyo hivyo, kama bakuli.

Najua unachosubiri kusikia, basi nakwambia kabla sijazunguka sana: sikujiandikisha ualimu.

Usikunje uso kwanza. Nilisimama kwenye foleni ya ualimu, haki ya Mungu, vyeti mkononi. Mbele yangu kulikuwa na dada mmoja anajipepea kwa bahasha. Akaniuliza kwetu wanafanya kazi gani. Nikamwambia tuna duka la dobi, alikuwa akiliendesha Baba, na tangu afariki mwaka juzi analiendesha Mama peke yake. Akaacha kujipepea. "Sasa wewe una duka kwenu, halafu unakwenda kufundisha watoto wa watu? Duka atabaki nalo nani?" Nikacheka, lakini maneno yalikuwa yameshaniingia. Nilipokuja kushtuka nilikuwa nimehama foleni.

Karani wa usajili alinitazama juu ya miwani. "Shahada ya Usimamizi wa Biashara. Una uhakika, au umefuata foleni fupi?"

"Nina uhakika," nikasema. Foleni ilikuwa fupi pia, sikatai.

Baba alikuwa akiniita mwalimu tangu sijajua kusoma, sijasahau. Lakini fikiria, Mama: miaka mitatu tu, kisha narudi na elimu ya kuendesha duka, tunasimama wawili kaunta, na wewe unapumzisha mgongo. Nimechagua kwa ajili yetu. Niambie kama umekasirika. Ukikasirika, uniambie kwa upole.

Mwanao,
Kifungo


Dukani
15 Oktoba

Kifungo changu,

Marahaba. Nilikasirika tangu nilipofungua barua mpaka maji ya kulowekea yalipochemka, basi, ikaisha. Baba yako angenuna siku nzima, kisha kesho yake angemwambia kila mteja, "Binti yangu anasomea biashara. Mkichelewa kuchukua nguo zenu mtakutana naye." Unamjua.

Mimi niliutaka ualimu kwa sababu mwalimu hasimami juu ya mvuke. Hilo tu. Lakini kama ni kwa ajili ya duka, na umeamua kwa kichwa chako mwenyewe, sina la kusema. Soma.

Usinipigie simu mchana. Mashine ya kukamulia inanguruma, nasikia nusu na kujibu nusu. Juzi uliponiambia umepata mwenzako wa chumbani, mimi nilikujibu umpeleke hospitali. Andika. Dereva wa lori la sabuni, huyu tunayemwita Breki, anapita huko kwenu akienda kiwandani. Ataacha barua zangu kwa mlinzi wa lango na kuchukua zako. Tena barua naweza kuisoma mara mbili. Simu ukishaikata imekwenda.

Jana nilifua koti la yule mzee wa mahakamani, kifungo kikabaki chini ya beseni. Nikageuka kukuita uje ukichukue. Unakumbuka ulivyokuwa unavikusanya kwenye mkebe? Baba yako alikuuliza vya nini, ukamjibu, "Vya watu watakaorudi." Alicheka mpaka akaunguza kola ya mtu. Jina likakuganda siku hiyo. Kile kifungo nimekishona mwenyewe.

Kula vizuri. Usijifanye huna njaa mbele ya wenzako.

Mama yako


Bweni la wasichana
9 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Muhula wa pili umeanza. Tuna somo la uhasibu, tuna kanuni za masoko, na tuna somo moja linaitwa uchambuzi wa biashara, ambalo mhadhiri wake anavaa shati jeupe kila siku na halina hata kunyanzi moja. Ungempenda. Nilimwangalia kola nikasema huyu ana dobi mzuri.

Darasani kwetu wengi ni watoto wa watu. Mmoja baba yake ana mabasi, mwingine kwao wana kiwanda cha mabati. Mhadhiri akiuliza swali, wao wanasema "kwenye kampuni yetu" na yeye anaitikia kwa kichwa. Mimi sijafungua mdomo tangu Oktoba.

Nimekuwa nikilifikiria duka sana wiki hizi. Naomba uniandikie kila kitu, hata yale unayoona ni madogo. Siku yako inaanzaje? Wateja gani ndio wa tangu zamani na kwa nini hawaendi kwenye lile duka jipya la mashine za kujifulia? Kwa nini hujabadilisha ile meza ya pasi ya Baba, wakati mguu mmoja umeegemezwa tofali? Zile nguo ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua, unazifanyaje? Na tangu Baba aondoke, ni jambo gani limekuwa gumu kuliko yote?

Andika kwa urefu, Mama. Nataka kuliona duka kama niko humo ndani.

Mwanao,
Kifungo


Dukani
20 Februari

Kifungo changu,

Breki ameniletea barua yako nikiwa na mikono ya wanga. Nikamwambia aniwekee juu ya kabati, nikanawa, nikafunga mlango nusu, nikaketi kwenye tenga la mashuka kuisoma. Nilipofika kwenye maswali yako nikaacha kusoma kidogo. Nilidhani huko mjini watu wanasahau. Kumbe mwanangu anapakumbuka nyumbani mpaka mguu wa meza.

Haya, nakujibu.

Naanza na nyeupe, kwa sababu maji yangali safi. Nguo za rangi zinafuata, mashuka ya nyumba ya wageni mwisho. Mchana ni pasi. Wateja wa zamani hawaondoki kwa ajili ya zile alama za uzi. Baba yako alimpa kila mmoja alama yake ndani ya kola: huyu msalaba mwekundu, huyu nukta mbili za kijani, yule mwalimu mkuu pembe tatu. Wanazipenda. Mzee wa mahakamani aliniambia akifa azikwe na ile alama ya kola yake. Kwenye duka la mashine unapewa namba.

Meza siibadilishi kwa sababu urefu wake ni wa kiuno chake, na mimi nimejifunza kupiga pasi kwa kuinama vile. Meza ya kimo changu ingenichanganya. Nguo ambazo wenyewe hawajarudi nazitundika nyuma. Nazikung'uta vumbi. Kuna gauni la harusi pale, Kifungo. Siwezi kulitupa, na siwezi kuacha kujiuliza.

Sasa lile swali lako la mwisho. Sijamwambia mtu, hata mama yako mkubwa sijamwambia. Wewe umeuliza, basi.

Baba yako alipopelekwa hospitali aliacha shati lake la mistari ya kijani nyuma ya mlango, limevaliwa siku moja. Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, nilirudi dukani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nguo za watu zilikuwa zimejaa. Nikaanza kufua. Mkono wa dobi haufikirii. Nikachukua kilichokuwa kwenye mlango, nikakichanganya na vingine, nikaloweka, nikasugua, nikasuuza. Nilipolikamua ndipo nikaona mistari ya kijani. Nikalipeleka puani. Sabuni. Sabuni tupu, mwanangu. Harufu yake ilikuwa pale tu, duniani kote ilikuwa imebaki pale, na mimi ndiye niliyeifua.

Tangu hapo kila Jumamosi nikishafunga nalifua lile shati, nalitia wanga kidogo kwenye kola, nalipiga pasi, nalitundika mwisho wa fimbo pamoja na ya wateja. Ndilo pekee lisilo na alama. Nilitaka kumshonea alama siku moja akanikataza: "Mimi nitapotelea wapi?" Kola imeanza kulika sasa. Najua ni mimi ninayeimaliza kwa kufua. Lakini hakuna tena cha kuharibu, na Jumamosi lazima mikono ishike kitu.

Hilo ndilo gumu kuliko yote. Nimekuambia, na kifua kimekuwa chepesi. Ahsante kwa kuniuliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mama yako anayekuwaza


Bweni la wasichana
6 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Nililia bafuni ili mwenzangu asinione.

Nakuandikia mbio maana Breki anapiga honi langoni. Nina habari njema: leo nimezungumza darasani! Nimezungumza kwa muda mrefu, mbele ya wote, na walinisikiliza. Mhadhiri ameniambia nina jicho la kuona biashara ilivyo. Mtoto wa mwenye mabasi amekuja mwenyewe kukaa nasi mezani.

Barua yako ilinisaidia kuliko unavyojua. Nitakueleza likizo.

Mwanao,
Kifungo


Dukani
18 Aprili

Kwako mwanafunzi wa biashara,

Leo asubuhi amekuja yule karani wa benki, wa suruali zenye mkunjo mkali. Alikuwa na mwenzake. Nikampa nguo zake, akazipokea, hakuondoka. Akaegemea kaunta anatabasamu.

"Mama, lile shati la Jumamosi liko wapi? Naomba nilione."

Nikamuuliza shati gani.

"Lile la marehemu. Lile ulilofua harufu." Akamgeukia mwenzake. "Huyu ndiye nilikuwa nakwambia! Mdogo wangu anasoma na binti yake. Huko darasani duka hili ni maarufu, wanalisoma kama somo."

Mwenzake akasema, "Acha bwana, utamuudhi mama wa watu."

"Namuudhi nini? Ni sifa hii! Binti yake mwenyewe ndiye kasimama akawasomea barua."

Nilishika kaunta. Nikamwambia, "Nguo zako tayari, baba. Safari njema." Hakusikia nilivyosema. Aliendelea. Akanieleza mlivyogawana vikundi na kila kikundi kikatakiwa kuleta biashara halisi na kuitafutia ugonjwa. Akanieleza ulichoandika kwenye ubao, maana mdogo wake amemtumia picha. Alininyooshea simu, alipoona siipokei akadhani sijui kusoma, akanisomea yeye kwa sauti, wateja wawili wakiwa nyuma yake: "Mmiliki ameshindwa kutenganisha biashara na msiba. Mmiliki hutumia maji, moto na muda wa kazi kwa vazi lisilo la mteja yeyote. Inapendekezwa duka likabidhiwe kwa mwendeshaji asiyefungwa na hisia."

Aliposhuka ngazi niliketi. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilikuwa nahesabu maswali yako. Siku inaanzaje. Wateja gani. Kwa nini meza. Mimi niliyaona kama mkono wa mtoto unaopapasa ukuta wa kwao gizani. Kumbe ulikuwa na karatasi pembeni unajaza. Nimefanyishwa mtihani bila kuambiwa, na nikajibu kwa moyo wote, na nikashukuru.

Mimi ningekukatalia? Ungesema, "Mama, nina kazi ya shule, nataka kulichambua duka." Ningekupa yote, meza, alama, mpaka sabuni tunayotumia. Shati ningebaki nalo. Hilo tu ndilo ningebaki nalo.

Breki anasubiri. Ameniuliza kama naumwa.

Mimi,
Mmiliki


Bweni la wasichana
24 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Tafadhali soma mpaka mwisho.

Sikutaja jina lako. Sikutaja mtaa wetu. Kote niliandika "mmiliki" kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa, mtu yeyote anaandikwa hivyo, hata baba wa mabasi kaandikwa mmiliki. Yule mdogo wake karani alijua tu kwa kuwa wanatoka mtaa wa pili na ananijua. Sikufikiria kabisa kwamba yangefika huko.

Kikundi chetu kilikuwa kimeshapata alama mbaya mara mbili. Wenzangu walisema, "Wewe si una duka? Tuletee." Nikaleta habari za meza na alama za uzi, mhadhiri akasema, "Haya ni ya juu juu. Ushahidi uko wapi? Mmiliki mwenyewe anasemaje?" Nilikuwa na barua yako kwenye begi. Nilisoma kile kipande kimoja tu ili waelewe.

Na lile pendekezo halikuwa langu. Lilikuwa la kikundi. Mimi nililiandika kwa sababu mwandiko wangu ndio mzuri.

Tena, Mama, sitaki kukukosea adabu, lakini mambo mengine tuliyosema si ni kweli? Wewe mwenyewe umeandika kola inalika. Nilitaka siku moja nije nikusaidie. Ukisoma vizuri utaona tulikuwa tunalitakia duka mema.

Usikae kimya. Nikaripie, lakini usikae kimya.

Mwanao,
Kifungo


Dukani
2 Mei

Nimesoma mpaka mwisho.

Karani amerudi kuchukua mashati. Amesema uliposoma habari ya shati, darasa lilicheka. Hilo nimelimeza, watoto wa watu hawanijui. Amesema mdogo wake alikuangalia.

Nijibu swali moja, usiniongezee jingine. Walipocheka, na wewe ulicheka?

Mama


Bweni la wasichana
9 Mei

Mama,

Nilicheka.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara naanza na jambo lingine, basi nimeamua lianze hilo. Nilisoma yote, si kipande. Nilipofika kwenye "sabuni tupu" mmoja akapasua kicheko huko nyuma, kisha wakafuata wengine, na mtoto wa mwenye mabasi akasema, "Dobi kafua mume!" Niliona uso wangu unakunjuka wenyewe. Sikuchekeshwa. Niliogopa kwamba nisipocheka darasa zima litajua ni wewe. Halafu walijua, maana sauti ilinikatika mwishoni, na hapo wakanyamaza, na ule ukimya ndio mhadhiri aliousifu. Nilikuandikia siku ile ile kwamba walinisikiliza. Niliona raha. Hilo nalo ni kweli.

Kuna jambo hujalijua, na ni heri ulisikie kwangu. Kila mwaka kitivo kinachapa kitabu cha biashara zilizochambuliwa vizuri, wanapewa wanafunzi wapya. Duka letu lilikuwa limechaguliwa, pamoja na maneno yako kama yalivyo. Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mhadhiri nikamwomba aiondoe kazi yangu.

Akauliza, "Ina makosa?"

"Haina."

"Sasa?"

"Ni barua ya mama yangu, mwalimu. Hajui nimeitoa. Yaani, sasa anajua."

Akavua miwani. Si mtu mbaya, Mama. Akasema, "Ulipoileta hukuniambia hajui. Ungeniambia, ningekuzuia siku ile ile." Kisha akanieleza: kitabuni anaweza kuifuta. Lakini kazi iliyopatikana bila ruhusa ya mwenyewe haihesabiwi, wala hawezi kuibakiza nusu. Nikiiondoa kwa sababu hiyo, sina alama ya somo, nitalirudia mwaka ujao na wale wapya, na siwezi kuendelea na mwaka wa pili wa fani niliyoomba mpaka nilipite.

"Kanywe maji, fikiria, urudi kesho."

Nikamwambia nimeshafikiria. Akaiondoa nikiwa nimesimama pale. Ile picha ya ubao kwenye simu za watu siwezi kuifikia. Kikundi changu hakinisemeshi, maana nao wameharibikiwa. Mtoto wa mwenye mabasi amehama meza. Barua yako ninayo, nimeirudisha kwenye bahasha yake. Nikutumie, au niichane, au nikae nayo? Sijui mtu anafanyaje na kitu kama hiki.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu uendelee kuniandikia.

Kifungo


Bweni la wasichana
3 Juni

Mama,

Shikamoo. Breki amepita leo tena, mikono mitupu. Nilimuuliza, "Hata kipande cha karatasi?" Akasema, "Mwanangu, mimi nabeba ninachopewa." Nikamuuliza kama u mzima. Akasema u mzima, unafanya kazi, ila siku hizi redio umeizima.

Nilijaribu kupiga simu Jumapili. Iliita mpaka mwisho.

Mitihani imekwisha. Sina jipya la kusema, nilitaka tu uone mwandiko wangu.

Kifungo


Dukani
21 Juni

Kifungo,

Barua zako zote zimefika. Breki hana kosa, ni mimi niliyekuwa namwambia apite safari ijayo.

Hapa sote ni wazima. Mvua zimekatika, nguo zinakauka mapema. Mashine ya kukamulia imebadilishwa mkanda. Nyumba ya wageni imeongeza mashuka. Fundi viatu wa jirani anakusalimu, na mama yako mkubwa anakusalimu.

Umeona barua ilivyo? Imenichukua siku kadhaa. Kila nikishika kalamu naliona darasa limekaa mbele yangu, na mimi nimesimama na aproni yenye maji. Nalipima kila neno: hili wakilisikia? Na hili? Yanayobaki ndiyo hayo, mvua na mkanda. Sifanyi hivi ili nikuumize. Nilijaribu kuandika kama zamani, mkono ukagoma. Mwezi mzima huu nilikuwa nasubiri huo mkono ukubali, nikaona nisiulazimishe.

Umeiondoa kazi yako na utarudia somo. Nimesikia. Ulifanya inavyopaswa, lakini usiniletee kama zawadi. Rudia, ulipite, uendelee na shahada yako uliyoichagua mwenyewe. Duka lisikuzuie wala lisikusukume. Nikichoka nitamtafuta mtu, na nitamchagua mimi.

Ile barua ichane. Usinitumie, sitaki kujua nilivyokuwa nikiandika.

Umesema huniombi msamaha leo. Vizuri, maana leo sina. Nimekutafutia na sijauona. Kuna asubuhi naamka nakupenda kama kawaida, kabla sijakumbuka, na ninapokumbuka najiona nimeibiwa na mtu ninayemjua hatua zake. Wewe ndiye uliyekuwa umebaki wa kuambiwa mambo. Sasa nikiwa na jambo nalizunguka nalo humu dukani, kutoka beseni mpaka meza, na jioni naondoka nalo.

Likizo ukija, njoo siku ya kazi, si Jumapili. Wewe utafua na mimi nitapiga pasi, tutakuwa tumepeana migongo. Huenda mchana ukafika nikasema neno, huenda nisiseme. Nikianza kusema, wewe endelea kufua, na usiniulize swali hata moja.

Mama yako